Kulehemu Bodi za Sakiti kwa Oveni ya Nyumbani: Hatari Iko Wapi Hasa?

Fundi yeyote aliyewahi kufungua taa ya LED ya kuvulia dagaa anaijua shida hii. Vitaa vyake vimekaa juu ya bodi ya alumini, na alumini hunyonya joto bila huruma. Unaweka pasi ya kulehemu, unasubiri, lehemu, ile metali laini ya kuungia, haiyeyuki. Unaongeza moto, LED inaungua kabla mguu wake haujashika. Tangu wavuvi wa ziwa letu la Victoria waanze kuziacha karabai za mafuta ya taa na kuhamia kwenye taa za betri, bodi za namna hii hazikosekani kwenye meza ya fundi, awe Kirumba, Mabatini au Igoma hapa Mwanza. Wala si taa peke yake. Chaja za sola, redio na simu zina chipu ndogo kiasi kwamba nyingine miguu yake imejificha chini ya tumbo, mahali ambapo ncha ya pasi haifiki.

Viwandani tatizo hili lilishapatiwa dawa zamani. Vituo vya shaba vya bodi, yaani vile vidoa vya kuungia miguu, hupakwa pesti ya lehemu, vijenzi (chipu, LED na vipande vingine) hupangwa juu ya pesti hiyo, kisha bodi nzima hupitishwa ndani ya tanuri. Lehemu yote inayeyuka kwa pamoja na kuganda kwa pamoja. Kijana anayejitengenezea bodi nyumbani akishalijua hilo, macho yake yanaelekea jikoni. Oveni ya umeme ya mezani inafika nyuzi 230 au 250 za Selsiasi, na lehemu inahitaji karibu hizo hizo.

"Mama, naomba oveni dakika kumi tu."

"Haya mwanangu, ila ukimaliza uniachie, nina skonzi za kuoka."

Jibu langu kwa wote wawili ni hili: oveni itaiweza kazi ya kijana, na kwa bodi nyingi itaifanya vizuri kuliko mkono wake. Lakini skonzi zisifuate. Oveni ikishapokea bodi ya kwanza imeacha kuwa chombo cha chakula, na hairudi tena. Nasema hivi bila kusitasita kwa sababu mazungumzo ya jambo hili yamejaa kauli zinazopingana. Mmoja anasema mvuke wa risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo kwenye lehemu, utamaliza familia. Mwingine anasema hakuna hatari yoyote, yeye anaoka bodi na keki kwenye oveni moja na hajaumwa. Wote wawili wanatazama mahali pasipo na hatari yenyewe.

Risasi haigeuki mvuke, inashika vidole

Lehemu ya kawaida ya mafundi ni mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Mchanganyiko huo unayeyuka kwenye nyuzi 183. Risasi yenyewe inachemka kwenye nyuzi 1,749. Kati ya namba hizo mbili kuna umbali mkubwa sana, na oveni ya jikoni haikaribii hata robo yake. Kwenye nyuzi 220, kiasi cha risasi kinachopanda hewani kama mvuke ni kidogo mno hata hakistahili kuhangaikiwa. Kwa hiyo anayesema mvuke wa risasi hautoki kwenye oveni amesema kweli.

Anakosea anapohitimisha kwamba basi hakuna neno. Risasi haihitaji kupaa ili ikufikie. Pesti ya lehemu ni unga laini sana wa metali, aghalabu chembe za mikromita 25 hadi 45, uliokandwa ndani ya flaksi, dawa inayonata ya kusafishia shaba ili lehemu ishike. Kwa uzito, karibu asilimia 90 ya pesti hiyo ni metali. Inashika kwenye vidole, kwenye kibanio, kwenye ukingo wa trei, kwenye kitasa cha mlango. Ikipashwa haraka mno, au ikiwa imeingiwa na unyevu, flaksi inachemka na kurusha vichembe vidogo vya mviringo vinavyong'aa. Vingine vinaganda juu ya bodi, na vingine vinadondoka chini ya wavu wa oveni na kubaki huko.

Chukua kichembe kimoja chenye kipenyo cha nusu milimita. Ni kidogo kuliko punje ya ulezi. Uzito wake ni kama miligramu 0.55, na ndani yake mna risasi kama miligramu 0.2, yaani mikrogramu 200. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inatumia kipimo cha mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha tahadhari cha risasi katika chakula cha mtoto. Kichembe hicho kimoja kimebeba mara tisini ya kiasi hicho. Ni kweli kwamba mwili haufyonzi risasi yote iliyomo kwenye kipande cha metali kilichomezwa. Sehemu kubwa hupita. Lakini pengo la mara tisini halitoi nafasi ya kubahatisha, hasa pale ambapo vichembe viko vingi na mlaji ni mtoto wa miaka mitatu.

Mtoto ndiye anayenifanya niwe mkali kwenye hili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wadogo hufyonza risasi waliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe mara damu ya mtu inapoonyesha mikrogramu 5 kwa desilita. Risasi ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa na meno miaka mingi, na kwa mama mjamzito hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Madhara yake kwenye ubongo unaokua hayarudishwi nyuma kwa dawa. Dunia iliiondoa risasi kwenye petroli ya magari, nchi ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021, kwa sababu hiyo hiyo. Sioni busara ya kuirudisha kupitia trei ya maandazi.

Mtu atasema: nitafunika trei kwa karatasi ya alumini, au nitaisafisha oveni kwa sabuni na steelwool. Karatasi hiyo inazuia vichembe vya chini, haizuii moshi. Na oveni haisafishiki kama sufuria. Ina matundu ya hewa, feni kwenye aina nyingine, na nafasi kati ya ukuta wa ndani na wa nje ambako mkono hauingii. Usichoweza kukiona wala kukifikia huwezi kuapa kwamba umekiondoa.

Moshi ule ni wa nini, basi?

Ukifungua mlango wa oveni bodi ikiwa imeiva, utaona moshi mwepesi wenye harufu kali kidogo, kama utomvu unaoungua. Huo si moshi wa risasi, ni wa flaksi. Flaksi ndiyo inayosafisha kutu kwenye shaba ili lehemu ishike, na nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa msonobari pamoja na asidi za kuamsha nguvu yake. Moshi wa utomvu huo unajulikana wazi katika afya ya kazi kuwa chanzo cha pumu. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaanza kuukataa, hata kiasi kidogo sana baadaye huweza kubana kifua. Mafundi wengi wanainama juu ya pasi na kuuvuta puani mwaka hadi mwaka. Oveni inazidisha, kwa kuwa inaunguza flaksi ya bodi nzima kwa dakika moja.

Moshi huo ukikutana na kioo cha mlango au kuta zenye ubaridi kidogo, unaganda na kuwa utando wa hudhurungi unaonata. Siku ya skonzi, kuta zikipata moto tena, utando huo unalainika, unatoa harufu na sehemu yake inarudi hewani juu ya unga. Hili ndilo linaloua hoja ya wale wanaosema, "mimi natumia lehemu isiyo na risasi, kwa hiyo oveni yangu ni safi." Risasi haimo, ndiyo. Flaksi imo vile vile, na huenda ikaungua zaidi, kwa sababu lehemu hiyo inataka moto mkubwa.

Kuhusu kuchagua lehemu

Lehemu isiyo na risasi iliyoenea zaidi ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Viwanda vingi viliihamia baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi kwenye vifaa vya kielektroniki kuanzia Julai 2006. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na ili ishike vizuri bodi inatakiwa ifike kama 240 hadi 250. Hapo ndipo oveni ndogo zinapoanza kuhema. Plastiki za soketi zinalainika, bodi inageuka rangi, na wewe bado unasubiri lehemu ing'ae.

Ipo nyingine ya bati na bismathi, bati asilimia 42 na bismathi 58, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138 tu. Kwa anayeanza, na kwa nyumba yenye watoto, hii ndiyo ningemshauri kwanza. Haina risasi, joto lake ni dogo, vijenzi havipati shida. Ina udhaifu: viungo vyake havivumilii kudondoshwa na kutikiswa kama vya lehemu nyingine, jambo la kufikiriwa kwa kifaa kitakachokaa ndani ya mtumbwi. Na ina mtego mmoja mkubwa ambao mafundi wa kukarabati wanaukanyaga bila kujua. Ukiipaka juu ya bodi ya zamani iliyokuwa na lehemu ya risasi, metali tatu zinachanganyika, na mchanganyiko wa bati, risasi na bismathi unaweza kuanza kuyeyuka karibu na nyuzi 96. Taa yenye nguvu iliyobanwa kwenye kasha lisilopitisha joto inaweza kuzikaribia nyuzi hizo kwa kuwaka tu. Kiungo kitaachia katikati ya ziwa usiku. Bismathi iende kwenye bodi mpya, au kwenye ile uliyoikwangua lehemu ya zamani ikaisha.

Namba ya kwenye kitasa si joto la bodi

Oveni ya kuokea imetengenezwa kwa ajili ya keki, na keki haijali nyuzi kumi juu au chini. Lehemu inajali. Thamostati ya oveni inapima hewa au ukuta karibu na pembe moja, inawasha na kuzima kwa kuchelewa, na joto linapanda na kushuka kwa nyuzi ishirini au zaidi bila wewe kugusa chochote. Bodi iliyo katikati ina joto lake tofauti. Chipu nyeusi inanyonya miali ya joto kuliko kijenzi kinachong'aa kilicho kando yake, kwa hiyo hata juu ya bodi moja joto halilingani.

Dawa yake ni themokapo ya aina ya K, ule waya mwembamba wenye ncha ya kupimia joto unaokuja na mita nyingi za mafundi. Hakikisha waya wake umevikwa nyuzi za kioo, kwa maana wenye plastiki utayeyuka. Ncha iguse bodi yenyewe, ishikwe kwa mkanda wa kuvumilia joto au kwa tone la lehemu kwenye kipande cha bodi chakavu cha unene ule ule, kilichowekwa ubavuni mwa bodi ya kazi. Usitegemee bunduki ya kupimia joto kwa mwanga. Ikielekezwa kwenye shaba au lehemu inayong'aa inasoma chini sana, na wewe ukiiamini utaendelea kuongeza moto.

Kazi yenyewe, kwa pesti yenye risasi, inakwenda hivi. Joto lipande taratibu hadi nyuzi 150, lisizidi nyuzi 3 kwa sekunde. Oveni ndogo kwa kawaida haiwezi kuvuka hapo, kwa hiyo hilo halikupi wasiwasi. Kati ya 150 na 180 iache bodi itulie dakika moja na nusu hivi, ili vijenzi vinene vipate joto sawa na vyembamba na flaksi ifanye kazi yake. Kisha moto wote, hadi nyuzi 210 au 220. Simama mbele ya kioo na taa mkononi. Pesti inayoonekana kijivu kilichofifia itaanza kubadilika pembeni, halafu ghafla itang'aa kama fedha, kituo kimoja baada ya kingine. Kijenzi kidogo ulichokiweka kimepinda kidogo kitajivuta chenyewe na kukaa sawa, kwa mvuto wa lehemu iliyoyeyuka. Hicho ni kitu kizuri kukitazama, na ndiyo ishara ya kuaminika kuliko namba yoyote. Baada ya cha mwisho kung'aa hesabu kama sekunde 30, zima. Muda wote ambao bodi iko juu ya nyuzi 183 usipite dakika moja na nusu.

Zima mapema kidogo kuliko unavyodhani, kwani vyuma vya oveni vinaendelea kutoa joto kama sufuria nzito ya maharage inavyoendelea kuchemka ikiwa imeshaepuliwa. Fungua mlango kidogo, usiguse bodi wala kutikisa trei mpaka ishuke chini ya nyuzi 150. Lehemu iliyotikiswa inapoganda hutoa kiungo kinachoonekana kizuri leo na kukatika mwezi ujao.

Oveni kubwa ya jiko la nyumbani, ile yenye plati nne juu, haifai kwa sababu ya upole wake. Inachukua dakika nyingi kufika 220, na flaksi inakauka kabla lehemu haijayeyuka. Ya gesi haifai kabisa: moto wake haudhibitiki kwa usahihi huo na gesi ikiungua inatoa unyevu ndani. Maikrowevu usiifikirie, maana bodi ni metali na itatoa cheche na moto. Inayofaa ni oveni ndogo ya umeme ya mezani, ya wati 1,000 hadi 1,500, yenye vyuma vya moto juu na chini. Kwa bodi ya alumini ya LED, hata hiyo inapitwa na jiko la plati moja la umeme: joto linapanda kutoka chini kupitia alumini yenyewe, na LED zinabaki na ubaridi kidogo juu. Plati hiyo nayo, kama oveni, isirudi kwenye ugali.

Vipo visivyotakiwa kuingia humo. Betri ya aina yoyote, hata ile ndogo ya saa, inaweza kupasuka. Kapasita zenye umbo la kopo zina majimaji ndani na nyingi hazivumilii. Soketi na swichi za plastiki ya bei rahisi, nyaya, na LED za miguu mirefu uzilehemu kwa mkono mwishoni. Na bodi yenyewe iwe ya nyuzi za kioo na epoksi. Ile ya kahawia ya karatasi, ambayo wengi hujifunzia kwa sababu ni rahisi kukata, hupinda na kutoa malengelenge. Bodi ya nyuzi za kioo nayo hulainika ikipita nyuzi 130 au 140, kwa hiyo ilaze juu ya kitu kilichonyooka, usiiegemeze kwenye ncha mbili.

Umeme wetu

Kuna hesabu ambayo mafundi wa kwetu wanapaswa kuijua kuliko wa mahali ambapo umeme hautikisiki. Nguvu ya chuma cha moto inafuata volti mara volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, jambo la kawaida jioni majirani wote wakiwa wamewasha majiko, oveni ya wati 1,500 haibaki na asilimia 87 ya nguvu zake kama unavyoweza kudhani. Inabaki na asilimia 76, kama wati 1,130. Ratiba uliyoikariri kwa saa asubuhi haitafanya kazi usiku. Bodi itakaa muda mrefu kwenye nyuzi 170, flaksi itakwisha, lehemu haitang'aa, na wewe utaanza kulaumu pesti. Ndiyo maana nasisitiza themokapo na macho, si dakika. Umeme ukikatika katikati, iache bodi ipoe yenyewe. Usiirudishe vile vile ukidhani utaendelea ulipoishia. Ongeza flaksi na umalizie viungo vilivyobaki kwa bloa ya hewa ya moto au pasi.

Oveni ya wati 1,500 inavuta ampia 6 na nusu. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba pia friji na televisheni. Mwili wake ni chuma, kwa hiyo waya wa ethi uwe mzima. Pima kwa mita kutoka kwenye pini ya ethi ya plagi hadi kwenye kasha kabla ya kuiwasha. Kama nyumba ina breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, hiyo ndiyo laini ya kutumia.

Wanaojenga kidhibiti chao cha joto huwa wanatumia rilei ya kielektroniki, yaani swichi inayoendeshwa na kidhibiti, isiyo na sehemu inayocheza. Rilei hiyo inapoharibika, mara nyingi inaharibika ikiwa imefunga, yaani umeme unaendelea kupita hata kidhibiti kikisema zima. Ile thamostati ya oveni iliyong'olewa ili kupisha kidhibiti ndiyo ingekuokoa. Usiing'oe, au weka fyuzi ya joto ndani ya laini. Na hata hivyo usiondoke. Dakika kumi hizo hazina nafasi ya kwenda dukani wala kupokea simu nje. Mbali na mapazia, mbali na mtungi wa gesi, ndoo ya mchanga mkavu karibu, na mkono ujue ulipo mswichi mkuu. Maji hayamwagwi kwenye oveni yenye umeme.

Iwekwe wapi?

Swali hili ni gumu kuliko yote kwa anayeishi chumba na sebule. Jibu lolote linaloanza na "tenga chumba cha karakana" halimfai. Nadhani kibaraza kinamfaa zaidi kuliko ndani, mradi kuna kitu cha kukinga upepo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na usiku hugeuka, na upepo ukiingia kwenye mlango wa oveni ndogo upande mmoja wa bodi hupoa. Kaa upande unakotoka upepo, moshi uende mbele yako. Usiku chini ya taa kuna adha nyingine: wale wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga kwa makundi wanadondoka kwenye pesti laini na kusogeza vijenzi vilivyopangwa kwa kibanio. Funika bodi kwa kasha la plastiki mpaka wakati wa kuingia motoni.

Pesti inakuja na maelekezo ya kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na hapo ndipo inapoishia kwenye friji ya nyumbani, kando ya maziwa na sato. Hapana. Nunua bomba dogo la sindano litakaloisha upesi, ulifunge ndani ya kopo lenye kifuniko, uliweke mahali pa baridi pasipofikiwa na watoto. Anayelazimika kuitunza kwenye ubaridi ajue pia kwamba ikitolewa haifunguliwi papo hapo. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na unyevu huo utagandia kwenye pesti baridi, kisha ndani ya oveni uichemshe na kurusha vile vichembe tulivyovitaja. Iache ikiwa imefungwa mpaka ipate joto la chumba. Chipu nazo hufyonza unyevu zikikaa wazi; zikiingia kwenye joto kali ghafla, maji ndani yake hugeuka mvuke na kupasua mwili wa chipu kwa mlio mdogo. Ziweke kwenye pakiti zake, zitoe siku ya kazi.

Mavazi ya kazi si lazima yawe ya gharama. Glavu nyembamba za kupaka pesti, glavu nene za kutoa trei, miwani. Usile wala kuvuta sigara mezani hapo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji kabla ya kushika mtoto au chakula, na futa meza kwa kitambaa kibichi. Ufagio unatimua vumbi tu. Shati la kazi lifuliwe peke yake. Hilo lote linachukua dakika tano.

Anayechonga bodi zake kwa kloridi ya feri, dawa inayokula shaba isiyotakiwa, ana mzigo mwingine nje ya oveni. Maji yale ya kijani yaliyotumika yamejaa shaba, na shaba ni sumu kwa samaki na viumbe wadogo wanaoliwa na samaki. Yasimwagwe mferejini. Mifereji mingi ya mji wetu inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Tia magadi kidogo kidogo kwenye ndoo ya plastiki, yatatoa povu. Yakiacha kutoa povu na tope likatuama, tope hilo lifungwe kwenye chombo kisichovuja.

Kuhusu kupata oveni, usichukue ya mama. Kwenye maduka ya vitu vya mtumba zipo ndogo zilizokatika kitasa au zenye kioo kilichochakaa, na kwa kazi hii kitasa hakina maana maadamu vyuma vya moto vyote vinawaka. Siku ya kwanza, kabla ya bodi yoyote, andika ubavuni na juu kwa rangi isiyofutika: SI YA CHAKULA. Andika kwa herufi kubwa, kwa sababu mgeni atakayekuja nyumbani siku moja na kutaka kupasha chapati hatakuuliza. Trei, kibanio na wavu wake viandikwe pia.

Na ikifika mwisho wake, usiiuze mnadani wala usimpe jirani. Mnunuzi wa oveni ya bei rahisi karibu siku zote anataka kuokea, na rangi ile uliyoandika anaweza kuikwangua bila kujua ilimaanisha nini. Mpe fundi mwenzako anayejua historia yake. Kama hayupo, kata waya wa umeme kwenye shina, toa vyuma vya moto, ndipo uiache iende skrepa.